Kabla ya Kinywa cha Astrid

Nikuulize kabla hujaketi vizuri: ni mzigo gani kijiji kizima kinaubeba, wazee kwa wanawake mpaka watoto wa shule, na mwenye mzigo peke yake anatembea mikono mitupu? Fikiri. Usiniambie ni jua, jua halina mwenyewe. Umeshindwa? Basi nipe kilima kimoja chenye malisho, nami nikufungulie. Ni habari ya kifo kabla haijamfikia mwenyewe.

Kitendawili hiki nimekitega mara nyingi, na watoto hawakipendi. Wanapenda vya yai na vya kivuli.

Jumamosi ile Bibiche alishuka kutoka shuleni Masisi kwa moto, pikipiki ya kukodi, matope mpaka magotini, kaye yake, daftari la shule, imefungwa ndani ya plastiki kama mtoto mchanga siku ya mvua. Bibiche ni mjukuu wangu, wa binti yangu Francine. Ana miaka kumi na sita na anasoma humanité, ndiyo sekondari yetu. Wajukuu wote wananiita Koko. Francine alikuwa palepale jikoni anakamua jibini, viganja viwili juu ya kitambaa, maji meupe yanachuruzika kwenye ndoo. Mimi nilikuwa na ungo wa maharagwe mapajani.

"Koko, niko na devoir," akasema kabla hata ya kunawa miguu. "Profesa anataka kila muntu alete hadithi ya kwao yenye kuwa na ironie. Tena aina tatu zote."

"Ironie njo dawa ya nini?"

Akacheka. Akafungua kaye, akasoma kwa sauti ile ya kusomea kanisani. Ya kwanza, muntu anasema kinyume cha kile anataka kusema. Ya pili, mambo yanageuka kinyume cha vile watu walitazamia. Ya tatu, mwenye kusikiliza hadithi anajua jambo, na muntu wa ndani ya hadithi hajui.

"Hiyo ya tatu njo mubaya kupita zote," nikasema.

"Sababu gani, Koko?"

"Sababu mwenye kusikiliza anaweza kusimama aende kwake kulala. Muntu wa ndani anabakia ndani."

Akaniandika! Mimi niliyeishia mwaka wa tano wa primaire, maneno yangu yakaingia katika kaye ya humanité. Lakini ndivyo ilivyo, jambo lenyewe tulikuwa nalo siku zote hapa Kibabi. Jina tu ndilo hatukuwa nalo.

"Umupe ile ya posa yangu," Francine akasema bila kuinua kichwa. "Pale angalau watu walicheka."

Basi nikaanza na posa.

Élie, baba yake Bibiche, alikuwa mtu wa Walikale, mwana wa wawindaji. Alikuwa analeta mafuta ya mawese soko la Masisi na kurudi na maharagwe. Kijana aliyelala peke yake porini bila kuogopa chui, lakini akiona ng'ombe anavuka njia anapanda ukingo na kumwamkia kwa heshima kama afande. Wachungaji walimcheka mpaka wakakaa chini. Francine alicheka pia, na ukiona msichana anacheka hivyo, ujue mbuzi wa posa wako njiani.

Watu wa Élie wakaja siku moja ya mvua, wakiongozwa na baba yake mdogo, Papa Barthélemy. Sasa kwetu, wageni wa posa hawapokelewi kwa sifa. Mwenye binti anamponda binti yake mbele ya watu, na kadiri anavyomponda ndivyo anavyomsifu. Wageni nao wanajibu kwamba huyohuyo mbaya ndiye wanamtafuta. Mume wangu Nzabonimpa, Mungu amlaze, alikuwa fundi wa maneno hayo. Akasimama na fimbo yake.

"Ndugu zetu, poleni na matope. Lakini mumepotea njia. Hapa binti hakuna. Iko mumoja tu, mvivu, anaunguza maharagwe mpaka majirani wanakohoa. Jembe likimuona linalia. Hata ndama wanakataa maziwa akikamua yeye."

Wazee wetu wakatikisa vichwa kwa raha. Tukangoja jibu. Papa Barthélemy akasimama, akavua kofia.

"Papa, asante kwa kusema kweli," akasema. "Kwetu pori, bibi mvivu anaua watoto na njaa. Élie, fungua mbuzi, turudi."

Na akawafungua mbuzi kweli! Mzee wa watu yuko mlangoni na kamba mkononi, anatuaga mmoja mmoja. Élie akaruka kumshika koti.

"Papa mudogo, ikaa! Watu wa hapa wanasifu kwa matusi!"

"Na wakitukana, wanafanya namna gani?"

"Ile unaona mu macho yao."

"Basi mumenitembeza siku tano kuya kusoma macho? Mimi nasoma nyayo za wanyama!"

Tulicheka mpaka pombe ya ndizi ikamwagika. Bibiche naye alikuwa anaandika anacheka. Francine alitabasamu kidogo juu ya jibini lake. Ningeweza kuishia hapo. Lakini mtoto akapindua ukurasa.

"Tuko na ya kwanza. Na ya pili?"

Wakaoana. Kiangazi kifupi kilichofuata, mwezi wa pili, kulikuwa na maneno ya bunduki kwenye vilima vya mbali. Francine alikuwa na mimba ya miezi minne. Élie akasema: "Mama, kilima kinaonyesha watu, pori linaficha." Akaenda Walikale kujenga nyumba, apige paa kisha arudi kumchukua mke wake. Watu wakamsifu. Huyo njo mwanaume anaona mbali, wakasema.

Msimu ule Kibabi haikusikia hata risasi moja. Maziwa yalizidi vyombo. Na huko porini, mwezi wa nne, Élie alikata mti wa nguzo ya katikati, nguzo ya kushika paa la mke wake na mtoto wake. Mti ulikuwa umefungwa na mitambazi juu, ukageuka, ukamwangukia. Yeye aliyezaliwa kati ya miti. Aliyeogopa ng'ombe.

"Ya pili," Bibiche akasema polepole. Hakuiandika mara moja.

Papa Barthélemy ndiye aliyeleta habari. Alinikuta kisimani kabla hajafika nyumbani, akaniambia palepale akiwa amesimama. Nikamshika mkono. Nikamweleza desturi yetu, kwamba mwanamke mwenye mimba hapelekewi habari ya kifo. Anangojewa ajifungue, mtoto apewe jina siku ya nane, ndipo wazee wanamkalisha. Huzuni ya namna ile inatoa mimba, tumeona.

"Mama, mimi siwezi kusema kinyume," akasema. "Unanijua."

"Leo utaweza."

Francine akampokea kwa furaha, akampakulia viazi na maharagwe.

"Élie iko, Papa?"

"Iko."

"Na nyumba?"

"Iko."

"Ameniambia nini?"

Mzee akainamisha uso karibu na sahani, machozi yakaingia katika maharagwe. "Moshi," akasema. "Kuni zenu ni mbichi." Na jiko lilikuwa limezimika tangu asubuhi.

Jioni kijiji chote kilijua, na Papa Barthélemy akabaki kwetu kungoja mvua zipungue. Kuanzia siku ile Francine hakubeba tena bidoni ya maji, kila mara mtu alimpokea njiani. Wachungaji wakaleta maziwa bila kuombwa. Wanawake waliokuwa wanamsengenya kwa kuolewa na mtu wa pori wakamletea ndizi mbivu. Siku moja akaniambia, anakula ndizi hizo: "Mama, watu wa Kibabi wamekuwa wazuri sana tangu Élie aende." Nikatoka nje kana kwamba kuku wananiita.

Halafu Francine akaanza kujiuliza. Mwanaume gani anatuma baba yake mdogo bila neno hata moja kwa mke wake? Mimba ilikuwa miezi saba. Asubuhi moja nikamkuta amefunga mzigo.

"Papa Barthélemy anarudi kesho. Niko naenda naye. Nimesema na muntu wa moto, atatufikisha mpaka pale barabara inaishia."

"Na tumbo hiyo?"

"Tumbo njo yake. Ataipokea."

Siku tano, mama yangu. Matope, madaraja ya miti miwili, na mwisho wa njia ni kaburi.

Hapo nilipomsimulia Bibiche, nilisema hivi tu: "Kukatoka maneno kwamba Élie ameoa huko, mama yako akakasirika, akafungua mzigo." Niliruka kama mtu anavyoruka mfereji. Lakini wewe sogea, nikuambie yaliyo ndani ya mfereji. Francine alikuwa palepale anakamua jibini, na hajui.

Nilikwenda kwa Astrid. Nyumba yake iko hatua thelathini kutoka kwangu. Yeye na Francine walinyonya msimu mmoja, walicheza pamoja, walipata komunyo siku moja na nguo za kuazimana. Nilimkuta anamnyonyesha binti yake Umuhoza.

"Astrid mwanangu, umwambie Francine kwamba Élie ameoa bibi mwingine Walikale. Sema umesikia kwa wauza mawese."

Akanitazama kana kwamba nimelewa. "Mama! Muntu iko mu udongo!"

"Njo sababu haitamuuma."

"Na Francine?"

"Hasira haitoi mimba. Barabara inatoa."

"Basi umwambie weye, weye njo mama yake."

"Mimi atanisoma usoni. Weye hatakusoma."

Akakataa. Akasema ni dhambi kumsingizia maiti. Basi nikapiga magoti, mimi mama yake kwa umri, kwenye sakafu ya udongo, mbele ya binti aliye na mtoto kwenye ziwa. Akaogopa. "Simama, Mama, unanitia laana! Simama!" Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda. Hatua thelathini. Nilizihesabu kwa masikio.

Uongo ulifanya kazi vizuri kupita dawa ya daktari. Francine akafungua mzigo. Koti la Élie akampa mchungaji. Mkuki wake akampa mpita njia. Picha ya harusi, ile moja tu tuliyokuwa nayo, akaiweka chini ya sufuria ya maziwa, na maziwa yakachemka. Papa Barthélemy aliondoka alfajiri bila kumuaga, kwa sababu alikuwa ameshindwa kabisa na uso wake.

Na kisimani, mbele ya wanawake wote, binti yangu akaweka mikono kiunoni.

"Huko pori anakojificha na huyo malaya wake, mti umuangukie!"

Bidoni ya mtu ikaanguka, ikabingirika mpaka bondeni. Hakuna aliyeifuata. Wanawake kumi na wangapi walikuwa pale. Wote wanajua mti umekwisha kuanguka. Mmoja peke yake hajui, na ndiye anayecheka.

"Nini? Mumeogopa?" akasema. "Mti hausikie muntu."

Bibiche alipozaliwa, alizaliwa mzima, analia kwa nguvu. Wakanisifu. Umeokoa wawili, Mama Francine, wakasema, bila kujua nimewaokoa kwa njia gani. Siku ya nane tukamtoa nje kumpa jina. Francine akakataa jina la baba. "Baba yake iko na watoto wengine wa kupatia jina." Basi mtoto akaitwa Bibiche peke yake, jina linaloning'inia kama nguo isiyo na mwenyewe.

Ndipo katekista na wazee wakamkalisha mkekani. Wakamwambia.

Hakulia. Aliuliza: "Mwezi gani?"

"Mwezi wa nne."

Akahesabu kwa vidole, akarudi, akahesabu tena. "Basi mimi nilikuwa natukana maiti," akasema. "Nimetoa koti yake. Nimechoma sura yake. Mutoto wangu hatajua hata pua ya baba yake iko namna gani." Kisha akamgeukia Astrid, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Astrid. Ile neno ya bibi mwingine. Ilitoka wapi?"

"Mu kinywa yangu."

"Hiyo najua. Na kabla ya kinywa yako?"

Astrid akanitazama. Sekunde moja tu, watu wengine hawakuona. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto, nikainamisha uso kwake nikaanza kumbembeleza kana kwamba analia. Mtoto alikuwa amelala.

"Kabla ya kinywa yangu hakuna," Astrid akasema.

Hiyo ni miaka kumi na sita. Hatua thelathini, na Francine hapiti ile njia. Anazunguka kwenye mikaratusi, akiwa na ndoo ya maziwa kichwani, hata mvua ikinyesha. Mume wa Astrid alipofariki, Francine hakuvuka. Nilikwenda peke yangu na kapu la viazi, Astrid akanipokea kwa mikono miwili, "Karibu, Mama." Nikamnong'oneza kwamba nitasema. Akajibu: "Siku utakuwa tayari." Nikasema baada ya mavuno. Nikasema baada ya Bibiche kupata komunyo. Nikasema mwaka huu kuna vita, tungoje utulivu. Na siku za vita zilipotukimbiza mpaka kambini, tulilala hema moja na Astrid, watu kumi na mmoja, mgongo wa Francine kwake usiku wote, na bado sikusema. Nilisema moyoni kwamba mtu hasemi mambo ya namna ile hemani.

Na mimi ndiye ninayeitwa kanisani kupatanisha wanawake waliogombana. Wanasema nina busara. Jambo hilo nalo sijui profesa angeliweka aina ya ngapi.

Basi nikamaliza kumsimulia Bibiche mpaka jibu la Astrid mlangoni, kwa ule mruko wangu. Francine alikuwa ameacha kukamua. Jibini limekaa bila umbo kwenye kitambaa.

Bibiche akafuta macho kwa kiwiko, akawa mwanafunzi tena. "Koko, iko nzuri. Ya kisima njo ya tatu, wazi kabisa. Profesa alisema hadithi inatafuta muntu mubaya pia. Basi huyo njo Mama Astrid."

Nikasema: "Si lazima muntu mubaya."

"Ni lazima, Koko, iko mu pointi. Nitaisoma Lundi, kesho kutwa, mbele ya klasi yote."

"Umuhoza iko klasi gani?"

"Yangu. Anaikaa benchi ya mbele yangu. Atasikia vizuri."

Umuhoza, yule aliyekuwa kwenye ziwa siku ile. Msichana mpole, ananikatia majani ya sombe ya mboga nikiumwa kiuno.

"Badilisha jina, basi," nikasema. "Umuite Hélène. Profesa hatajua."

"Hapana!" Francine akainua kichwa. "Uandike Astrid. Yote. Na jina la baba ya Astrid uweke. Miaka hii yote anatembea mu Kibabi kama muntu safi, anasalimia watu. Sasa mutoto wake asikie mu klasi ni mama gani alimuzaa."

"Francine, mutoto hana kosa."

"Na wangu alikuwa na kosa gani, Mama? Umuonyeshe sura ya baba yake. Haya, umuonyeshe!"

Nikainamia ungo wangu. Ulimi wangu una mazoezi ya kunyamaza, haukuhangaika.

Bibiche akatazama huku na huku, kalamu juu. "Mwisho wake nitaandika nini? Profesa anataka mwisho."

"Uandike swali," Francine akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilipanda polepole kama maziwa. "Niliuliza mbele ya watu wote. Na kabla ya kinywa yako? Astrid hana akili ya kutunga bibi mwingine, namujua tangu tuko na meno ya maziwa. Kuna muntu alimutuma. Muntu alimutuma, akamuacha abebe, na huyo muntu nakutana naye kila siku sijue ni nani. Namupokea mu nyumba yangu, pengine. Namupa maziwa. Miaka kumi na sita hakuna mwenye kunijibu. Andika ile, Bibiche. Andika na alama ya swali."

Bibiche akaandika. Ana tabia ya kutaja herufi akiandika polepole, tangu primaire. Kwanza jina. "A," akasema. "S. T. R."

Nikaweka ungo chini. Maharagwe mabaya na mazuri yakachanganyika tena, kazi ya asubuhi nzima.

"Futa," nikasema.

"Nifute nini, Koko?"

"Jina."

"Mama, uachane naye!" Francine akasema. "Unamutetea Astrid sababu gani? Kila siku unamutetea. Alikupa nini?"

Nikamwinulia uso. Francine alikuwa amesimama na mikono imelowa, maji ya jibini yanadondoka kutoka vidoleni. Alinitazama usoni, pale ambapo nilikuwa nimemwambia Astrid kwamba atanisoma. Akaanza kusoma. Niliona anavyofika neno kwa neno, na nikaona kwamba nisiposema sasa atamaliza mwenyewe, na hata hilo nitakuwa nimemuibia.

"Mama," akasema, polepole sana. "Kabla ya kinywa ya Astrid?"

"Yangu," nikasema. "Kabla ya kinywa ya Astrid ilikuwa kinywa yangu."